Makaa Yasiyo ya Kupikia

Bwawa lililo chini ya mashamba ya nyanya, upande wa Juru unaoelekea Rugaaga, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, lilikuwa limenyamaza. Watu hawakuligundua jambo hilo, na usiwalaumu, maana nani ana nafasi ya kukaa kusikiliza bwawa? Bomba la shirika linatoa maji leo, kesho linakohoa hewa, kwa hiyo mtu anashuka, anajaza dumu lake, anajitwisha, anaondoka. Lakini Pélagie alizaliwa ufukweni mwa ziwa, huko Uvira, na masikio yake yalikuwa na mazoea yao. Jioni moja mwanzoni mwa kiangazi alisimama pale na dumu mkononi, akijaribu kukumbuka ni kitu gani kimepungua. Vyura. Hakulia hata mmoja. Maji yalikuwa yametakata mpaka majani yaliyooza chini yakaonekana, na juu yake hapakuwa na mbu, wala wale wadudu wa miguu mirefu wanaotembea juu ya maji. Akateka haraka haraka, akapanda njia bila kugeuka nyuma.

Jirani yake Adélaïde, mama wa Kirundi asiyekosa misa, yeye aliifurahia sana habari ya mbu. "Mungu ametukumbuka, Mama Gisèle," alisema. "Mwaka huu malaria hakuna." Pélagie alikubali kwa kichwa tu. Hakutaka kumharibia mtu furaha yake.

Alikuwa mjane, muuza maharage, na duniani alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja, huyo Gisèle. Na Gisèle alikuwa na mimba ya tatu. Zile mbili za kwanza alizibeba mpaka mwisho, akajifungua, na watoto wakatoka wamenyamaza. Watoto wazuri, wana kucha, wana nywele, wamenyamaza. Utaelewa basi kwa nini mama huyu hakukipenda kitu chochote kinachonyamaza.

Aliyemfumbua macho ni mkwe wake Gervais, tena bila kukusudia. Gervais alikuwa kibarua wa kupuliza dawa kwenye nyanya za tajiri mmoja wa kule juu. Siku moja wakiwa wanakula alijisifu kwamba dawa ya safari hii si mchezo, ukiipuliza asubuhi, mchana panzi wamelala chini wengi hadi unawakanyaga.

"Na pompi ya dawa munaisafisha fasi gani?" Pélagie akauliza.

"Pale chini, ku bwawa. Wapi tena?" Gervais akakata tonge lingine. Pélagie alimwangalia Gisèle, aliyekuwa anakunywa kikombe kizima bila kupumua, na chakula kikamshinda.

Kesho yake alijaza chupa maji ya bwawa, akaifunga ndani ya kitenge, akaenda Mbarara. Kule alikuwa na Bienvenu, mtoto wa marehemu kaka yake, mwanafunzi wa kemia aliyepanga chumba Nyamityobora, nyuma ya maduka ya vyuma. Bienvenu ni kijana wa kucheka. Anacheka hata akipigwa na njaa. Lakini aliposikiliza habari ya vyura hakucheka, na hilo pekee lilimtisha Pélagie kuliko maneno yoyote.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na tairi kuukuu lenye maji yaliyotuama. Bienvenu alichota viluwiluwi vya mbu humo, akavigawa kwenye glasi mbili juu ya meza. Moja ilikuwa na maji ya mji, nyingine maji ya bwawa. Wakakaa kutazama. Redio ya jirani ilikuwa inatangaza mpira kwa Kinyankole, watu wakishangilia. Viluwiluwi vya maji ya mji viliendelea kucheza, vikijikunja na kujikunjua. Vile vya bwawani vilitetemeka vyote kwa pamoja, kana kwamba vimeitwa kwa jina, kisha vikaanza kuzama kimoja kimoja, vikalala chini ya glasi. Hakuna kilichopanda tena.

"Tantine," Bienvenu alimwambia shangazi yake, "ile maji mutu asiinywe tena."

"Nikiichemsha?"

"Kuchemsha kunaua mikrobe. Hii haiko mikrobe."

"Ndiyo iliua bajukuu bangu?"

Bienvenu alizungusha glasi mkononi. "Siwezi kuapa. Lakini mimi singemupa Gisèle hata tone."

Ndipo alipomfundisha kazi ya makaa ya kuchujia maji, makala kwa lugha yao. Chukua magunzi ya mahindi, alisema, yakaushe vizuri, yajaze ndani ya pipa lenye kifuniko, uache tundu dogo tu la kutolea moshi, uwashe moto nje ya pipa. Magunzi yaive bila kuona hewa, yasije yakawa jivu. Yakiwa bado mekundu, yapulizie mvuke wa birika kwa mpira, maana mvuke unatoboa vitundu ndani ya kaa, vitundu ambavyo jicho halivioni, na humo ndimo sumu inamonasa. Uyavunje vipande, uyaoshe mpaka yaache kutoa weusi, uyapange ndani ya ndoo pamoja na mchanga na kokoto, uweke bomba dogo chini.

Halafu akamshika mkono, jambo ambalo hakuzoea kulifanya. "Sikia vizuri, Tantine. Makala haimalizi sumu. Inaishika tu. Siku ikishiba, uitoe, uifunge mu plastiki, uifukie fasi kavu mbali na maji, mpaka nikuje kuichukua. Usiipikie. Ukiitia moto, inarudisha yote iliyokunywa."

"Yote?"

"Yote, mara moja."

Pélagie alirudi Juru na maneno hayo kifuani. Alifanya kila kitu alivyoambiwa. Aliungua vidole, alichafua kitenge chake kizuri, pipa la kwanza likatoa jivu tupu akalia kwa hasira, pipa la pili likatoa makaa meusi mepesi yanayolia kama vigae ukiyatikisa. Bienvenu alipokuja kumtembelea walivijaribu viluwiluwi ndani ya maji ya ndoo. Vikacheza. Vilicheza mpaka Pélagie akakaa chini na kutoa machozi, akiviangalia viluwiluwi vya mbu kama mtu anayeangalia harusi ya mwanawe.

Na mambo yangeishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri ya kusimulia kanisani. Lakini ndoo ile ilikuwa inadondosha polepole. Kwa siku nzima ilitoa maji ya kumtosha mwanamke mmoja mwenye mimba, kunywa na kupikiwa, basi. Pélagie mwenyewe hakuyaonja. Alivizia siku ya bomba, akanywa alichobahatika kupata. Pipa lingine? Magunzi ndiyo kuni za watu wengi kule, na mwenye magunzi hakupi bure wakati walinzi wa msitu wanakamata kila anayeonekana na panga. Sasa akiwaambia majirani, wangefanya nini? Wangekuja na vyombo vyao. Si ubaya, wana watoto, wana wazee, ni haki yao. Na angewanyima vipi? Kwa hiyo Pélagie alinyamaza, hata kwa Gisèle na mumewe. Akizaa tu, alijiambia, nitasema. Watu wanapenda kujipa ahadi za namna hiyo, zinalainisha usingizi.

Adélaïde aliiona ndoo, angeacha kuiona vipi na yeye anaingia humo ndani kila siku bila kubisha hodi? Akauliza ni ya nini. "Ni ya kutoa harufu ya matope," Pélagie alimjibu. "Gisèle anasikia kichefuchefu." Adélaïde akacheka, akasema wao wameshazoea matope, akainua dumu lake la maji ya bwawa akaenda kumpelekea mumewe. Mume huyo, Herménégilde, alikuwa katekista zamani, kifua chake kibovu, na kila alipomeza vidonge alikunywa maji mengi. Siku hizi mikono yake ilikuwa inatetemeka akishika rozari. Macho yalimtoka machozi bila kilio. Adélaïde alisema ni uzee. Pélagie alisema ndiyo, ni uzee, na usiku akageuka kitandani huku na huku akijichukia.

Nyumba nayo ilibadilika. Tone likidondoka kwenye ndoo, alilisikia. Kisha alingoja tone linalofuata, na katikati hapo palikuwa na kimya kilekile cha bwawani, kimepanda mlima kimeingia ndani. Mbwa wa njiani walifika kwenye beseni la maji ya bwawa, wakanusa, wakarudi nyuma mkia chini. Mara moja alimkuta ndege mdogo amelala ukingoni mwa bwawa, macho wazi, na hakuna siafu hata mmoja aliyemsogelea.

Makaa yaliposhiba aliyatoa, akayafunga kwenye mfuko wa plastiki, akachimba shimo nyuma ya nyumba, akafukia. Akaweka mapya. Alirudia hivyo, na watu wakamwona. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Nakivale hii, ambako mtu akiangusha kaa moja njiani anarudi kuliokota, mwanamke mzima na akili zake anazika makaa? Wakaanza kunong'ona kwenye foleni ya bomba. Watoto wawili wa binti yake walitoka wamenyamaza, na sasa anazika vitu vyeusi ardhini. Adélaïde ndiye aliyewakatisha. Aliwaambia Mama Gisèle ni mtu wa Mungu, kama ameficha makaa ameficha kwa ajili ya uzazi wa binti yake, na wao wafunge midomo. Alimpenda jirani yake, hilo liandikwe mahali.

Gisèle alijifungua kwenye kituo cha afya mwisho wa kiangazi, upepo wa vumbi ukivuma. Akazaa msichana. Na msichana akalia. Alilia kwa sauti kubwa kama mtu aliyedhulumiwa, na Pélagie, aliyekuwa nje ameegemea ukuta, akaketi palepale chini. Waliporudi nyumbani alicheka ovyo ovyo, akampa kila aliyepita ndizi ya kuiva. Jumapili nitasema, aliwaza. Jumapili baada ya ibada nitasimama niseme yote.

Sasa, mzazi wa kwetu hakai kwenye baridi. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo kwa kitenge, na mbabula, yaani jiko la makaa, inakaa chumbani mwake, mlango umefungwa, ili mifupa irudi mahali pake. Majirani wanapokezana kumwangalia, na anayekaa zamu anafanya kama yuko kwake: anachota unga, anachota chumvi, anachota makaa, haombi ruhusa. Ukiomba ruhusa utaonekana huna upendo. Ijumaa ile zamu ilikuwa ya Adélaïde. Gervais yuko shambani. Pélagie akachukua kikapu akaenda sokoni kutafuta sabuni na unga wa mtama wa uji.

Alirudi mchana, jua liko juu. Kabla hajafika aliona kitu kinachomchanganya: kuku wa Gisèle walikuwa wamelala mbele ya mlango wa chumba, ubavu kwa ubavu, mabawa yamefunguka. Nzi walikuwa chini ya dirisha, wamelala chali, wengi. Hapakuwa na sauti yoyote. Kisha akasikia harufu, harufu ya kitunguu saumu kilichooza, inatoka chini ya mlango pamoja na joto.

Adélaïde alikuwa amekaa kwenye kizingiti, jasho linamtiririka, mate yanamtoka pembeni mwa mdomo naye anayafuta kwa kiganja bila kuelewa. "Nimechoka tu," alisema kwa ulimi mzito. "Makala iliisha, Mama Gisèle. Nikakumbuka ile yako ya mu shimo. Kumbe unaficha makala nzuri hivi?"

Pélagie alimruka pale kizingitini. Aliusukuma mlango. Mbabula ilikuwa inang'aa katikati ya chumba, makaa ya magunzi yamewaka vizuri, hayana moshi, yana mwanga wa buluu kidogo. Gisèle alikuwa amelala macho wazi. Mboni za macho yake zilikuwa zimesinyaa zikawa vitone, tundu la sindano lingekuwa kubwa, na macho hayo yalimtazama mama yake kutoka mbali sana. Kifuani mwake mtoto alikuwa amelegea. Mtoto alikuwa amenyamaza.

Jinsi alivyoitoa mbabula nje kwa mikono mitupu, Pélagie hakujua, malengelenge aliyaona baadaye. Alimburuta Gisèle kwa makwapa mpaka uwanjani penye upepo. Alimvua mtoto nguo zote, akaifungua ndoo, akammwagia yale maji aliyoyalinda kiangazi kizima, akamsugua kwa sabuni mpya, akammwagia tena, akampulizia puani, akamgeuza, akampiga mgongoni, na muda wote huo alikuwa anamtukana, anamtukana mtoto mchanga kwa Kifuliiru matusi ya watu wazima. Ndoo ikaisha. Mtoto akakunja uso. Akakohoa. Akalia kidogo, kisha akalia sana.

Gisèle aligeuza kichwa kuelekea sauti ile, akatapika, akaomba maji. Pélagie akakaa kwenye vumbi na mtoto mapajani, na shukrani iliyomjaa ilikuwa kubwa mpaka zikapita pumzi kadhaa kabla hajakumbuka jambo lingine. Akamgeukia Adélaïde.

"Plastiki mbili zilikuwa mu shimo," alisema. "Ya pili iko wapi?"

"Nilipeleka kwangu," Adélaïde alisema. "Mzee hajakula tangu jana. Nikamuwashia ya kuivisha maharage, nikafunga mlango wa jikoni sababu ya upepo, kifua chake..." Hakumaliza. Aliuona uso wa Pélagie.

Walikimbia, mmoja anapepesuka, mwingine amebeba mtoto uchi. Juu ya jiko la Adélaïde hakukuwa na moshi, hewa tu ilikuwa inacheza kwa joto. Herménégilde alikuwa ndani, amekaa wima kwenye kigoda, rozari imezungushwa kiganjani, anaangalia sufuria. Maharage yalikuwa yanatokota na povu linafurika linazima moto pembeni. Adélaïde alimwita kwa jina lake, kisha akamwita Baba, kisha akamgusa begani, na yeye akainama taratibu upande, bado anaangalia mahali pale pale ilipokuwa sufuria.

Msiba ukajaa watu. Turubai likafungwa, mikeka ikatandikwa, rozari ikasomwa kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Gisèle alikuwa amelazwa kituoni, wakasema atapona. Na wale wa foleni ya bomba walikuwa na maelezo yao tayari: si yule anayezika makaa? Mliambiwa mkakataa. Pélagie aliwasikia, amekaa ukingoni na mtoto mgongoni. Akashangaa kuona kwamba kuitwa mchawi kulikuwa kunampa nafuu. Mchawi anakana, watu wanagawanyika, maneno yanachoka. Angeweza kukaa ndani ya jina hilo mpaka afe. Ni jambo baya kulisema, lakini ndivyo alivyojisikia.

Kisha akainuka, akaenda kukaa karibu na mjane, akamwambia yote. Nyanya, pompi, viluwiluwi, ndoo, makaa. Alisema kwa sauti ya kawaida, na waliokuwa karibu wakaacha kusali.

Adélaïde alisikiliza akiangalia mikono yake. "Ulijua tangu wakati gani?"

"Tangu mwanzo wa kiangazi."

"Nilikuwa napita kwako na dumu ku kichwa. Unanisalimia."

"Nilikuwa nakusalimia."

"Unaniuliza mzee ameamkaje."

"Ndiyo."

"Juu ya nini haukusema?"

Pélagie alimkazia mtoto kitenge mgongoni. "Maji haingetosha," alisema.

Adélaïde hakulia wala hakumsukuma. Alimwangalia mtoto mgongoni, amelala, anapumua, shavu limebanwa kwenye kitenge. Alimwangalia kwa muda mrefu, na Pélagie akaogopa sana, akaogopa zaidi ya siku ya bwawa, kwa sababu katika macho yale hapakuwa na chuki.

Wageni walikuwa bado wanaingia, wengine wametembea kutoka Rugaaga na watoto wao, midomo imekauka kwa vumbi. Wanawake wa jumuiya walikuwa wamekwishapanga mawe matatu na kutenga sufuria kubwa ya msiba. Mmoja wao akaja na madumu matupu, akainama mbele ya mjane kwa heshima, akauliza wakateke wapi, maana bomba ni kavu tangu juzi.

Adélaïde alimgeukia Pélagie. "Batu bana kiu," alisema kwa upole. "Basi waambie wewe. Tunateka wapi?"

Yule mwanamke mwenye madumu akamtazama Pélagie, na waliokuwa kwenye mikeka wakamtazama, wakingoja jibu.